Dubu Katika Wasifu wa Babu

Babu yangu alizikwa kwenye kihamba chake, katikati ya migomba na kahawa, na wasifu uliosomwa kaburini ulikuwa, kwa sehemu kubwa, wa mwandishi wa Kirusi. Niliuandika mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka mmoja kabla, na kwa ukoo wetu hilo lilitosha kunipa kazi hiyo.

Kitabu chenyewe nilikipata Moshi mjini, kwa Mhindi mmoja aliyeuza misumari na mabati. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalianza kujaa tena, na vitabu vya Kirusi vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambavyo zamani vilipatikana kirahisi kuliko sabuni, vikageuka karatasi za kufungia. Nilimkuta akichana hadithi za sungura na bundi. Nikamwomba kitabu kizima.

"Chukua bure," akasema. "Lakini misumari yako utabeba mkononi."

Nikaibeba mkononi mpaka nyumbani, huko juu mlimani.

Mwandishi huyo aliwaandikia watoto habari za msitu, na kurasa mbili za mwisho zilisimulia maisha yake. Hizo nilizipenda kuliko hadithi.

Sasa kwetu mtu hazikwi bila wasifu. Jirani yetu alisomewa karibu saa nzima, na ng'ombe wake wakatajwa mmoja mmoja. Asubuhi ya mazishi ya Babu, Bibi aliniita jikoni, akiwa anamenya ndizi za mtori.

"Umeandika nini?"

"Alizaliwa mwaka wa nzige, akabatizwa, akalima kahawa, akafa."

"Hata mbuzi ana zaidi ya hapo. Na ile miaka saba?"

Baba yangu alipokuwa anajifunza kutembea, Babu aliondoka. Alirudi baada ya miaka saba, na begi na kikohozi, akachukua jembe akaendelea na palizi. Hakuna aliyemuuliza mbele yake. Nyuma yake waliulizana mpaka wakazeeka.

"Hawa watu hawaji kuzika," Bibi akasema. "Wanakuja kusikia hiyo miaka saba. Usiniaibishe, mjukuu wangu."

"Nitaandikaje na sijui alikokuwa?"

"Wewe si umesoma?"

Nikaenda kukaa nyuma ya banda la ng'ombe na kitabu changu. Nilitaka tu kuona wasifu unavyopangwa. Lakini yule mwandishi, mwishoni mwa maisha yake, miguu ilimshinda, akawa anakaa dirishani kuwaangalia ndege. Na Babu alikuwa hivyo hivyo: miaka miwili dirishani, akimfokea yeyote anayewafukuza ndege kwenye kahawa. Nikanakili hilo, maana lilikuwa kweli. Juu yake kulikuwa na sentensi inayosema kwamba serikali ilimpeleka mwandishi huyo kwenye nchi ya baridi kali kwa miaka kadhaa, akarudi salama. Nikanakili na hiyo. Ukishanakili sentensi mbili, ya tatu inakuja yenyewe.

Wakati wa kusoma ulipofika nilisimama kando ya kaburi.

"Tangu utotoni, marehemu alijifunza kusoma nyayo za wanyama kwenye theluji."

Watu wakageuka kutazama kilele cha Kibo, ambacho siku hiyo hakikuwa na wingu, wakaridhika. Nikaingia kwenye miaka saba. Hata waliokuwa wakikohoa waliacha.

"Huko kwenye baridi aliishi jirani na dubu."

Nilikuwa nimesahau kumtoa dubu. Padre aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake cha sala, akafikiri, akayarudisha.

Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa akinywa mbege na Babu kila Jumapili aliomba kusema neno.

"Mimi ni shahidi. Ngozi ya huyo dubu alirudi nayo. Iliharibiwa na mvua za masika."

"Ilikuwa rangi gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Rangi ya dubu."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikamwona Bibi kwenye mkeka amenyoosha mgongo. Nikaanza kuikunja karatasi.

Ndipo akaja mbele mama mmoja wa makamo ya Bibi, ambaye hakuna aliyemfahamu. Nyuma yake alikuwa mwanamume mtu mzima amebeba gunia la mchele, na masikio yake yalisimama mbali na kichwa kama ya Babu. Mama yule akatupia udongo kaburini, akanigeukia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesoma vizuri, mwanangu. Ila hiyo nchi ya baridi sijaielewa. Hiyo miaka saba nilikaa naye Chekereni, hapo chini tambarare, tukilima mpunga, na jasho lilikuwa linatutoka tangu asubuhi."

Nikaangalia karatasi yangu, kana kwamba Chekereni ingejitokeza humo. Bibi akainuka. Alimtazama yule mama, kisha akayatazama yale masikio, kwa muda mrefu.

"Mpeni mtori," akasema. "Huyu ametoka kwenye theluji."

Wanawake wakaficha nyuso kwenye kanga, mabega yakitikisika. Mtu akamuuliza mzee wa mbege, "Na dubu je?"

"Zamani hata Chekereni walikuwepo."

Tangu siku hiyo nimehama miji mingi, na kitabu kimepotelea katika mojawapo, sijui upi. Karatasi ya wasifu bado ninayo. Jioni ile, watu walipotawanyika, wale mama wawili walikuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja wakichambua mchele. Bibi akaniagiza niisome tena, polepole. Nikasoma mpaka mwisho.

"Mke wake alikuwa nani?" akauliza.

Nikatafuta kwenye karatasi, kisha kwenye zile kurasa mbili za kitabu. Mrusi yule hakuwa ameandikiwa mke, na mimi nilinakili kama ilivyokuwa.

Wakatazamana. Bibi akapeta mchele mara moja, akatoa jiwe.

"Chukua kalamu," akasema. "Andika kwamba alikuwa na wake wawili. Anza na mimi."