Baba na Danzón

Baba alipokuja kunitembelea Toronto, wiki za mwanzo alishinda dirishani kwetu Weston akitazama treni za uwanja wa ndege. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo Baba hakuwa mtu wa maneno. Nilijua kwamba ujanani, huko Tabora, alikuwa hodari wa dansi. Basi Jumamosi moja mchana nikampeleka Regent Park, ambako bendi ya Wakuba ilikuwa ikipiga ukumbini.

Bendi za namna ile wenyewe huziita charanga. Hazina tarumbeta. Mbele alisimama mama mnene mwenye filimbi ya mbao, nyuma yake fidla tatu, piano, besi na ngoma, na mzee aliyekuwa akikwaruza kibuyu kwa kijiti. Filimbi ilipaa, fidla zikaibeba kwa upole, na kile kibuyu kikawaweka wote kwenye mstari. Sikujua kama muziki mpole vile unaweza kuwainua watu vitini.

Bibi mmoja Mkuba akaja kumnyooshea Baba mkono. Wakacheza taratibu, migongo imenyooka. Mara wachezaji wote wakasimama, na muziki bado unaendelea. Baba akadhani amekosea, akainama kushukuru, akageuka kurudi kitini. Yule bibi hakuuachia mkono wake.

"Mwambie asiondoke," aliniambia kwa Kiingereza. "Kwenye danzón, dansi yetu hii, kipande hiki hatuchezi. Tunasimama, tunaongea. Fidla zikishika wimbo, tunaendelea."

Nikamfasiria Baba. Akafikiri kidogo.

"Kumbe wana adabu," akasema. "Basi muulize, nyumbani kwake hawajambo?"

Nikauliza. Bibi akajibu kwamba watoto hawajambo, ila mumewe hayupo tena duniani.

"Mpe pole. Mwambie na mimi yamenikuta."

Yule bibi akaitikia kwa kichwa. Fidla zikashika wimbo, nao wakaanza tena kucheza pamoja, bila kukosea hata hatua.

Tukiwa njiani kurudi, Baba alinisimulia jinsi alivyokutana na Mama dansini, na gauni la bluu alilovaa siku hiyo. Tangu mazishi hakuwahi kumtaja kwa kirefu namna ile.

Tulipofika mlangoni akauliza, "Hao watu wa filimbi watapiga tena lini?"