Magogo ya Mchongaji Yalivyopikia Maharage

Jumatano, saa kumi kasoro robo alasiri, nikiwa nafua soksi za shule, mama aliingia uani akasema, "Yule mzee jirani, mchonga sanamu, amefariki." Ninyi mnaosoma ubao huu wa habari shuleni mnajua darasani sinyooshi mkono, kwa hiyo niacheni niandike nilichoshindwa kukisema msibani.

Hapa Tunduma mzee yule alikuwa kichekesho. Mti wa mninga aliutoa kijijini Msangano, akaupaka nta kwenye ncha usipasuke, akaulaza upenuni miaka mitatu kabla ya kuugusa. Wauzaji wa mpakani wa vinyago vya twiga walimcheka, naye akawajibu, "Twiga kumi kwa siku? Nyie mnachonga au mnakata chipsi?" Siku moja aliniita nimshikie gogo nene. Lilikuwa limeanza kutoa paji la uso na sikio moja. "Huyu ni mama yangu," akasema. "Picha hakuacha hata moja. Nikifa sijamaliza, basi, hata hili sikio linatosha."

Alhamisi, msibani, kila mtu akawa mpenda sanaa. Waliomwita mvivu walisimama chini ya turubai wakalia, "Tumepoteza lulu ya mkoa!" Nyuma ya nyumba wapishi walikuwa wanatafuta kuni. "Mnahangaika nini, jamani, si hizi hapa kavu!" akasema mmoja wao. Magogo ya miaka mitatu yakaingia motoni. Shangazi mmoja akasifia, "Tena zinawaka bila moshi!" Maharage yakaiva upesi, na watoa hotuba ndio waliokuwa wa kwanza kuomba waongezewe. Likabaki lile gogo nene, la mama yake, likingoja shoka.

Mji wetu ni wa kupitisha mizigo. Lori likikaa foleni wiki nzima, tunasema dereva yuko kazini. Gogo likikaa miaka mitatu, tunasema mwenyewe mvivu. Mimi nimejifunza hivi: anayemsifu marehemu, usimwamini kabla hujaangalia chakula chake kimepikwa kwa kuni zipi.

Ijumaa asubuhi niliwatangulia wapishi, nikalikalia lile gogo. Mama mmoja akaja na shoka. "Binti, hebu inuka, chai ya watu haijachemka."

"Wanywe baridi," nikasema.

"Heee! Mtoto huyu kafunzwa na nani?"

Sikuinuka. Akasonya, akaenda kuomba mkaa kwa jirani.