Mzigo Upo Stoo ya Nyuma

Mpaka leo simu ikilia mlio wa ujumbe mchana wa Desemba, naigeuza kifudifudi kabla ya kuisoma. Wanangu wananicheka. Wacheke tu, hawakuwepo.

Nilizaliwa Mchafukoge, ghorofani, binti wa Kihindu aliyekataa duka la vyombo la baba yake akaenda kusomea kompyuta. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, simu za mkononi zimeanza kushuka bei, na kila mwenye duka Kariakoo lazima aonekane na yake. Mimi nikawa nawabunia wafanyabiashara huduma za ujumbe. Mteja yuko Songea, anatuma swali kwa simu, na kompyuta ya dukani inamjibu yenyewe kama mzigo upo au umeisha. Watu walidhani nina majini.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kilimanjaro, mjane, muuza vitenge wa jumla. Mumewe alipofariki, ukoo ulitaka duka. Akakataa katakata. Wakamwachia kwa shingo upande, kwa sharti moja: siku atakayoliyumbisha, atakabidhi funguo kwa shemeji yake mkubwa na kurudi mgombani.

"Wananisubiri nianguke, mwanangu," aliniambia. "Watangoja sana."

Desemba ikafika. Wenzetu wa Kilimanjaro Desemba hawana mjadala, wanafunga maduka wanaenda nyumbani. Mama akataka mashine iachwe inawaka ijibu watu. Maneno aliyatunga mwenyewe: "Asante mteja wetu. Tumeenda nyumbani hadi mwaka mpya. Mzigo upo stoo ya nyuma. Karibu sana."

"Mama, hapo unamwambia kila mtu kwamba haupo," nikamkatalia.

"We binti! Nani Kariakoo asiyejua kwamba Desemba sipo? Mteja haachwi bila jibu. Nikinyamaza, atahamia kwa jirani."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Duka lake, maneno yake. Nikayaandika huku nimenuna. Akafunga duka, akapanda basi la alfajiri, na simu yake, ile moja tu aliyokuwa nayo, ikabaki imechomekwa kwenye kompyuta.

Nakala za ujumbe wote zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu, ili nijue mashine inafanya kazi. Mwanzoni walikuwa wateja wa kawaida. Halafu ikaanza namba moja nisiyoijua. "Mzigo upo?" Mashine ikajibu. Kesho yake: "Mpo?" Ikajibu vilevile. Halafu: "Kuna mtu dukani?" Ikashukuru, ikakaribisha. Nikazisoma upya zote tatu. Mteja gani huyu haulizi bei, anauliza kama kuna mtu? Dalili ya mvua ni mawingu.

Nikaandika haraka: "Mama, nipigie." Simu yangu ikalia papo hapo. "Asante mteja wetu. Tumeenda nyumbani..."

Jamani! Namba niliyokuwa namtafutia mama ndiyo hiyohiyo iliyoshikwa na mashine yangu. Na kule kwao mlimani simu nyingine haikuwepo, wala kijiji chenyewe sikukijua.

Kwa mara ya kwanza maishani nikaomba umeme ukatike. Ukakatika kweli, mgao, Kariakoo nzima ikanguruma majenereta. Mashine ikaendelea kujibu. Nilikuwa nimeifungia betri kubwa, na nilivyokuwa nimeringa na ile betri!

Nikaenda na fundi wa kufuli, niingie nizime. Mlinzi wa uchochoro ule akapuliza filimbi, wapagazi wakatuzunguka. "Dada, unavunja duka la watu, wenyewe wako kwenye sikukuu zao?" Nikaeleza habari za kompyuta, ujumbe, namba ya ajabu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikawapasha, nao wakanifukuza. Kituoni askari wa zamu akaniuliza nimeibiwa nini.

"Bado," nikasema.

"Basi ukishaibiwa, njoo."

Nilikaa nyumbani na simu mkononi, siwezi hata kula. Mama yangu akanifokea kwamba naabudu kidude. Siku moja asubuhi, mwaka ukielekea kuisha, ikaingia nakala kutoka namba ileile: "Mama, tumefika kuchukua mzigo." Na chini yake jibu, lenye adabu zote: asante, mzigo upo stoo ya nyuma, karibu sana.

Nilikimbia na ndala, nikipiga watu vikumbo. Nilipofika, mikokoteni ilishaondoka. Stoo ilikuwa na kufuli jipya linang'aa. Mlinzi akanitazama juu mpaka chini.

"Umeona watu wastaarabu? Wamekuja na fundi wao mchana kweupe, wakamwandikia mama mbele yangu, na mama kajibu hapohapo. Namba yake naijua, nimesoma mwenyewe. Siyo wewe."

Nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira. Kituoni wakaniambia mwenye mali aje mwenyewe.

Mwaka mpya mama akarudi, na hakuja peke yake. Alikuja na shemeji mkubwa, kwa makusudi, aone duka linavyojibu watu lenyewe. Niliwasubiri mlangoni. "Shikamoo mama," nikasema, kisha nikamweleza yote. Hakuniamini. Alivunjisha kufuli, akasukuma mlango, akasimama. Hakukubaki hata jora moja. Akaketi sakafuni na nguo zake za safari, mkungu wa ndizi alioniletea bado uko mkononi.

Shemeji akaizunguka stoo. Akatoa simu yake, akaandika polepole kwa kidole kimoja, akangoja. Ikalia. Akasoma kwa sauti, mle ndani ya stoo tupu, kuanzia asante mpaka karibu sana. Kisha akamnyooshea mama kiganja.

Mama akafungua fundo la khanga, akampa funguo.