Nywila ya Meneja

Nilimchukia meneja wetu tangu siku alipoisoma ripoti yangu mbele ya bosi kana kwamba kaiandika yeye. Nilikuwa nasimamia kompyuta za duka la jumla la vitenge, Kariakoo, pamoja na tawi letu la Mchikichini. Kila mfanyakazi alikuwa na nywila ya barua pepe, ya stoo na ya maombi ya likizo, na kila Jumatatu waliozisahau walipanga foleni mezani kwangu. Bosi akataka dawa.

Nikaandika kurasa tatu. Njia ya kwanza: nywila moja inanakiliwa kwenye kila huduma, kwa hiyo anayeijua anaingia kote. Ya pili: unajitambulisha sehemu moja tu, kwa nywila na namba inayotumwa kwenye simu yako, na huduma nyingine zinakupokea kwa kuwa zinapaamini pale. Nilishauri ya pili. Meneja akafuta jina langu, akapindua ushauri, akachagua ya kwanza.

"Dada yetu huyu anapenda makuu," alimwambia bosi nilipoitetea njia ya pili, nami nimekaa pale pale. "Mteja wa Kariakoo hasubiri namba ije kwenye simu."

Waliokuwa kikaoni wakacheka. Nami nikacheka, roho inawaka moto.

Nywila yake ya stoo ilijulikana na duka zima. Mteja wa Songea akiwa na haraka, na adhana imeshalia, meneja aliitaja kwa sauti kutoka mlangoni huku anavaa kandambili zake za msikitini, ili wauzaji wafungue stoo wenyewe. Ndivyo tulivyofanya kazi. Kwa mpango wake mpya, nywila ile ile ingefungua na barua pepe zake. Kazi yangu ilikuwa kumwambia aibadilishe. Sikumwambia. Siku za mwizi arobaini, nikajisemea, nikauwasha mfumo.

Hazikufika hata kumi. Muuzaji mmoja alichungulia barua za meneja, akaita wenzake. Zilikuwamo za kumsengenya bosi. Zikapigwa picha, zikazunguka kwenye simu mpaka zikamfikia bosi mwenyewe. Nilimwona meneja akishuka ngazi na boksi la vitu vyake, shati limelowa jasho, nikafurahi. Sitadanganya: siku ile nilikula biriani na kuagiza juisi ya pili.

Lakini ilikuwamo pia barua ya mama mmoja wa kaunta, mtu wa Lindi, aliyemwomba meneja ampunguzie kazi za kusimama. Alikuwa ameutaja ugonjwa wake kwa jina. Nayo ilizunguka. Kesho yake wenzake walianza kuja na vikombe vyao vya chai kutoka nyumbani.

Nilimfuata yule mama alipokuwa anajifunga khanga aondoke.

"Shikamoo, mama."

Alikaza fundo la khanga.

"Ulijua paswedi ya meneja inajulikana na kila mtu?" aliniuliza.

"Nilijua. Sikufikiria barua za watu wengine."

Nilitaka kumweleza jinsi yule bwana alivyoniibia kazi yangu na kunifanya kichekesho.

"Huyo unayemchukia," alisema, "alinitunzia siri hii mwaka mzima."