Maharage Yaliyolala Kwenye Majivu

Majirani zangu wa hapa Quakers Hill, Sydney, wakimaliza kuchoma nyama zao za wikendi, humwaga majivu kwenye kona ya uzio, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi harufu yake inaingia mpaka jikoni kwangu. Majivu yaliyolowa yana harufu nzito, yenye ukali kidogo puani. Wanangu huziba pua na kulalamika kwa Kiingereza. Mimi harufu hiyo hunirudisha mtaa wa Smithfield, kwenye juma moja nililoishi nikiamini kwamba nyumba yetu tumeila wenyewe, kwa vijiko vyetu, tukashiba na kumshukuru Mungu. Ngoja niwaeleze, msije mkadhani natia chumvi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Kongo, upande wa Fizi, tukapita kambini, tukafika Sydney, na mwanzoni tulibanana Lidcombe sebuleni kwa binamu yake Baba, ambako treni ikipita vijiko vilicheza kabatini. Baba alipopata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja Smithfield, mwenzake wa kazini akamwambia kuna nyumba inapangishwa karibu na hapo. Ilikuwa nyumba kuukuu ya mbao, imezungukwa na maghala na viwanda, lakini nyuma yake kulikuwa na kipande cha shamba. Shamba, wenzangu! Mama alipoliona alivua viatu palepale, mbele ya watu, akaanza kutembea kwenye udongo.

Mwenye nyumba alikuwa Mtaliano mzee ambaye hatukuwa tumemwona bado. Funguo tulipewa na mwanawe, Toni, mtu wa makamo mwenye haraka zake. Mkalimani wa familia nilikuwa mimi, maana Kiingereza kiliniingia shuleni kabla hakijawaingia wazazi wangu. Toni alituonyesha stoo ya bati huko nyuma, akasema vilivyomo ni vikorokoro vya zamani, tutumie tunachotaka, tutupe tusichotaka, hakuna wasiwasi. Watu wa hapa hukuambia hakuna wasiwasi kabla hata hujaonyesha kwamba unao. Mama alikuwa akiniuliza kwa nini wanautaja sana.

Maana wasiwasi, Mama alikuwa nao wa kumtosha. Alikuwa na begi. Lilikaa karibu na mlango wa chumba chao, usiku na mchana, na ndani yake mlikuwa na hati zetu kwenye mfuko wa plastiki, nguo za kubadilisha za kila mtu, chumvi, kiberiti, na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa, ambalo sikuruhusiwa kuligusa. Lilikuwa begi la kukimbilia. Rafiki yangu wa shule akija, nililisukuma uvunguni kwa aibu, na Mama alilirudisha mahali pake. Baba alizoea kumtania, akimuuliza, "Mama Faida, hapa tutamkimbia nani?" Naye alimjibu kwamba hajui, na kwamba kama angejua angekuwa ameshakimbia jana.

Hatukumaliza hata mwezi, watu wa kanisani wakaja kuibariki nyumba. Walisema watakuja wachache. Mnajua wachache wa kanisani wanavyokuwa. Sombe, ile mboga yetu ya majani ya mihogo, ilikuwepo, mchele ulikuwepo, lakini Mama alipochungulia sebuleni na kuona watu wamekaa mpaka kwenye zulia, alitoka kuelekea stoo, akarudi amekumbatia chupa kubwa ya kioo iliyojaa maharage. Yalikuwa ya rangi ya maziwa, yana michirizi myekundu, makubwa, mazuri kuliko maharage yoyote niliyowahi kuyaona. Aliyamwaga kwenye sinia tukaanza kuyachambua. Mengine aliyaweka pembeni, kwenye pindo la kitenge chake, nami nikadhani ni yale mabovu. Akayapika kwa mawese na vitunguu, na ingawa yaliiva watu wakiwa wameshaimba nyimbo zote wanazozijua, hakuna aliyelalamika. Mchungaji aliomba kuongezewa. Mimi nililamba sahani.

Jumamosi iliyofuata, mwenye nyumba mwenyewe, Mzee Nino, akaja. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa kofia iliyochujuka, na Toni alimsaidia kushuka garini kisha akabaki kando akiongea na simu. Mzee alituamkia kwa kuinua kofia, akachukua jembe lake alilokuja nalo, akaanza kulima tuta. Nilimfuata kwa sababu Kiingereza chake nilikielewa. Na yeye alikuwa amejifunza baada ya kufika, kama sisi, alikwenda nacho polepole, akipumzika njiani.

Aliniambia baba yake alifika kwa meli, wakati hapo pote palikuwa pori tupu. Alikata miti kwa shoka, akalala chini ya mabati, akapanda nyanya na kabichi ambako kila mtu alimwambia hapaoti kitu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kulima barabara ile nzima, alisema, na akanyoosha mkono kuyaonyesha maghala kana kwamba bado ni mashamba. Mama yake alifuata baadaye, yeye Nino akiwa mvulana wa kushikwa mkono, na kwenye pindo la gauni lake ameshonea maharage ili wakaguzi wa bandarini wasiyaone. Alitaka mumewe aonje tena ladha ya kwao. Ilikuwa hadithi ya fahari na aliisimulia kwa fahari. Tangu mwaka ule, alisema, maharage yale yamepandwa hapo kila majira ya kuchipua na kuwekwa akiba, na kule kwao Italia ndugu zake wameacha kulima, hivyo hayapo tena popote.

"Yako mle," akasema, akaelekeza kidole kwenye stoo. "Kwenye chupa. Jumamosi ijayo nitayapanda."

Wakati wa kuondoka, Toni aliniita. Alisema kwa upole, nisimsingizie. "Mwambie baba yako asipazoee sana hapa. Mzee wangu hauzi kwa sababu ya maharage yake tu. Siku akiacha kuyapanda, tunauza."

Nilimtafsiria Baba, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za mvua, kwa sababu Baba hakujua ile chupa ilikuwa na nini. Nilijua mimi. Nilikuwa nimelamba sahani.

Nilimwambia Mama jioni, akimenya mihogo. Kisu kilisimama. Akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, "Kwetu mbegu inalala mu majivu, Faida. Ile ilikuwa safi. Maharage safi ni chakula."

Na ni kweli kabisa. Fizi hakuna mwanamke ambaye angeweka mbegu bila majivu, wadudu wangeitafuna yote ibaki unga, na hakuna ambaye angeyapika maharage yaliyopakwa majivu, maana huo ungekuwa wazimu. Chupa ya kioo, safi, inang'aa, kwenye stoo tuliyoambiwa tutumie tunachotaka! Nilimngoja aniambie yataisha, usiogope. Hakuniambia. Alinyanyua kisu akaendelea kumenya.

Baba aliposikia alikaa kitako sakafuni. Kesho yake alizunguka maduka ya Lidcombe na Auburn mpaka akapata maharage yenye michirizi, akayajaza kwenye ile chupa, akairudisha rafuni, akisema kwa sauti ya chini kwamba Mungu ataelewa. Mimi kila siku nikitoka shule niliingia stoo kuyachungulia. Siku nyingine niliyaona ni yaleyale, siku nyingine niliona hata kipofu angejua. Nilikuwa nimebandika michoro yangu ukutani juu ya kitanda, na juma lile nikaanza kuibandua mmoja mmoja na kuipanga ndani ya begi la shule, ili tukifukuzwa nisiwacheleweshe. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo.

Jumamosi ikafika. Mzee Nino alitoka stoo na chupa, akaiinamisha juu ya tuta, akamimina maharage kiganjani. Akayasugua kwa kidole gumba. Akalitia moja mdomoni, akalitema. Nilisikia lori likirudi nyuma kwenye ghala la jirani, ule mlio wake wa pi, pi, pi, na nikaomba lisinyamaze.

"Haya si ya mama yangu," alisema.

Toni alikata simu. Baba aliangalia chini. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu kusema ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Hapo Mama akatoka ndani, na kopo la maziwa ya unga mkononi. Lile la kwenye begi. Alichuchumaa mbele ya mzee, akafungua kitambaa, akamimina juu ya kitenge chake rundo la majivu. Umande ulikuwa haujakauka, na harufu ikatupanda puani sote. Mama akatia vidole ndani ya majivu, akatoa harage moja, akalifuta kwa pindo la kitenge. Michirizi myekundu ikatokea. Akatoa jingine, na jingine. Yalikuwa kama viganja viwili, yale makubwa kuliko yote, yale ambayo mimi nilidhani ni mabovu.

"Mwambie tuliyakula," akasema. "Mwambie na asante, yalikuwa matamu."

Nikatafsiri. Mzee Nino akauliza, basi haya yamebakije? Mama hakufikiri hata kidogo.

"Mwambie mimi sijapikaka maharage yote ya nyumba hata siku moja. Kidogo inabaki ya kukimbia nayo."

Nilitafsiri hivyohivyo. Mzee aliniomba nirudie lile neno la mwisho, kukimbia, nikarudia. Basi akaitafuta ndoo iliyokuwa imepinduliwa pale, akaikalia, akavua kofia. Toni akamsogelea kumshika bega.

Mama yake, akatuambia, alilala na lile gauni. Mwaka mzima wa kwanza hakulivua usiku, na viatu alivipanga kando ya kitanda vikielekea mlangoni. Alikuwa ametoka kwenye vita. Aliamini na hapa siku moja mtu atagonga mlango na kuwaambia waondoke, na maharage hayakuwa ya kumwonjesha mume ladha yoyote. Yalikuwa ya kwenda kupanda mahali pengine. Baba yake aliona haya, akawa anawasimulia watu ile habari ya ladha ya nyumbani, na watoto wakaikariri.

"Hakuwa jasiri, mama yangu," alisema Mzee Nino. "Alikuwa anaogopa."

Toni alisema hajawahi kuisikia hiyo. Mzee akamjibu kwamba hakuwahi kuuliza. Mimi nikamtafsiria Mama yote, gauni, viatu, vita, nikitegemea atalia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nalia. Mama akaukung'uta ule mkono wenye majivu.

"Basi tupande," alisema. "Jua linapanda."

Wakapanda, yeye na mzee, kila mmoja upande wake wa tuta. Na kila mwaka baada ya hapo walipanda pamoja, bila mimi kuwakalimania, na sisi tulikaa katika ile nyumba mpaka nikamaliza shule. Michoro niliirudisha ukutani siku ileile. Nilipomuuliza Mama kwa nini alituacha juma zima na hofu ile, alisema akiba ya kukimbia nayo haitajwi mpaka siku ya kukimbia. Begi la Mama halikuondoka mahali pake. Nilikuwa nimetumaini litaondoka. Kwa miaka nilimkasirikia kwa hilo, nikaona ni ugonjwa anaokataa kupona, hasa nilipokuwa na umri wa kuona aibu kwa kila kitu. Kisha Mzee Nino akafariki, Toni akauza kama alivyosema, na leo pale pana ghala lenye milango mirefu ya chuma. Siku ya kuhama, sisi wengine tulihangaika na maboksi. Mama alibeba begi lake tu, kopo likiwa ndani.

Nimekuwa mama ndipo nikaelewa kitu ambacho binti yule wa miaka tisa hakukiona, ingawa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilidhani siku ile Mama alituokoa licha ya woga wake. Hapana. Woga wenyewe ndio uliochambua yale maharage, ukachagua yaliyo bora, ukayalaza kwenye majivu wageni wakiimba sebuleni. Na nikisikia watu wakisimulia jinsi babu zao walivyoifungua nchi hii kwa shoka na moyo wa chuma, najikuta nikiwaza alikuwepo nani chumbani, na viatu vyake vilielekea wapi.

Mwaka jana Toni alikuja hapa Quakers Hill, ninakoishi na Mama. Mvi zimemjaa. Alisimama mlangoni akizungushazungusha funguo za gari. Mwishowe akasema binti yake amepata kiuwanja anataka kulima, amemuulizia maharage ya bibi mzaa babu, naye siku ya kuisafisha ile nyumba aliagiza kila kitu kitupwe.

Mama sasa Kiingereza anakijua vizuri, anagombana nacho mpaka hospitali. Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na lile kopo, ambalo hulijaza upya kila akivuna hapa uani. Akamwambia Toni akinge mikono, akammiminia maharage na majivu yake, mpaka yakamwagika kwenye viatu vyake vya ofisini. Toni alibaki amekinga hivyohivyo, machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafutia. Mama akanigeukia mimi, kana kwamba bado nina miaka tisa.

"Mwambie," akasema, "asipike yote."