Mgeni wa Sebuleni

Nilirudi Arusha kutoka Dar baada ya kupunguzwa kazini, nikiwa na mabegi mawili na mdomo ule ule ulioniponza. Maana mdomo huo ndio ulioniachanisha na mpenzi wangu wa kwanza. Yeye ni kitinda mimba, na kwetu Wameru kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama. Nilipomtaka anifuate Dar akakataa, nikamwambia kwenye simu, "Haya, oa hao ng'ombe wa mama yako!" Hakupiga tena. Nami kwa kiburi changu sikupiga.

Sasa mwenzenu nimekaa zangu Kwa Mrombo na binamu yangu, tunakula nyama choma, akaja kaka wa yule mpenzi wangu wa zamani. Kaka mtu huyo ana malori ya kubeba mawe na mchanga, na nyumba Olasiti yenye geti linalojifungua lenyewe. Akavuta kiti, akanichekesha mpaka pilipili ikanipalia. Majirani zetu pale Elerai walipozoea kuliona gari lake mlangoni, wakasema tamaa mbele, mauti nyuma. Wapi! Nilimpenda. Pesa nazo zilinipendeza, sitadanganya, lakini mtu mwenyewe nilimpenda.

Nilichosahau ni mama yao.

Zamani, nilipokuwa na mdogo mtu, sikuwahi kupita mlango wa mbele wa nyumba yao kule mlimani. Nilizunguka nyuma, nikapiga hodi jikoni, na mama alinikabidhi kisu kabla sijaketi. Hakuwa na binti. Alinifundisha kupika loshoro, yale mahindi na ndizi za kupondwa na maziwa mgando, na alinifundisha kwa kelele. "Wewe! Unamenya ndizi au unachonga kinyago?" Nilimjibu, akanijibu, tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na yale makaripio niliyapenda kuliko hata huyo mwanaume.

Jumapili moja baada ya ibada, kaka mtu akanipeleka kwao kunitambulisha upya. Miguu ikanipeleka nyuma yenyewe. Mama akatoka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Akanishika mkono taratibu, akanirudisha mbele hadi sebuleni, akanifutia kochi, akaniletea soda kwenye trei. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Uvumilivu ukanishinda, nikaenda mpaka mlango wa jiko.

"Mama, nipe basi nikupondee."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. "Mwanangu, nyumba hii ni ya kitinda mimba, unajua. Na jiko hili ni la mke wake. Nilikuwa nakutunzia wewe. Sasa una jiko lako huko Olasiti."

Mara mdogo mtu akaingia uani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akautua, akainamisha kichwa. "Shikamoo, shemeji." Wala hakuwa ananikejeli. Nilikuwa mchumba wa mkubwa wake, na heshima ni heshima. Nikaitikia marahaba.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulifunga ndoa. Mume wangu si mtu mbaya jamani, alinijengea jiko la marumaru, gesi ya mioto minne. Huwa napika loshoro humo peke yangu, na hakuna wa kuniambia nimekosea.

Krismasi iliyopita tulimkuta mdogo mtu ameshaoa. Nikakaa sebuleni na soda yangu. Kutoka jikoni nikasikia, "Wewe! Unamenya ndizi au unachonga kinyago?" Kisha kicheko cha msichana, na cha mama juu yake.

Baadaye mama akaja na bakuli langu, la kwanza kabla ya wote, limejaa pomoni. Nikaonja. Ilikuwa loshoro ile ile, haina kasoro.

"Mama, chumvi imezidi," nikamchokoza, nikasubiri kelele zake.

"Utusamehe, mgeni wetu," akasema, akalichukua bakuli kwa mikono miwili, akaenda kunibadilishia.