Mpira wa Dirisha la Baba

Juzi mjini Keroka nilimwona mwanamke akibandika mpira mpya wa kuzuia maji nje ya dirisha la gari lake, nikaikumbuka alasiri Baba alipomwita dada yangu Kemunto wafanye kazi hiyohiyo kwenye gari letu.

"Bonyeza polepole," alimwambia. Harufu ya mpira na maji ya sabuni ilinifikia mlangoni nilipokaa nimenuna, nikiamini moyo wa Baba una nafasi ya binti mmoja tu. Walipoingia kunywa chai, niliung'oa mpira ule. Mvua ikalowesha viti.

"Nisamehe, Baba, sikubonyeza vizuri," Kemunto alisema. Baba alichukua kitambaa akafuta viti, nami nikadhani nimeshinda. Sasa najua mpira uliobanwa vile haung'oki wenyewe, na Baba alilijua hilo.

Kesho yake aliniita. "Kwamboka, leo tufanye sisi wawili."

Nilibonyeza huku nalia.